Nakata Simu, Nikusikilize Hewani

Jumatatu ile asubuhi Bernadette Pruszynski alikuwa jikoni kwake, upande wa mashariki wa mji wa Erie, Marekani, kando ya ziwa, akikanda unga wa pierogi, sambusa za Kipolandi za kuchemsha, za kuuza kanisani siku ya Ijumaa. Viazi vilikuwa vimeshapondwa na kutiwa jibini. Juu ya friji redio ilikuwa ikiongea. Iliwekwa pale na marehemu mumewe, Leonard, siku waliyohamia, na tangu hapo haikuwahi kuhamishwa wala kubadilishwa kituo. Hata siku ya kumzika Leonard, waombolezaji walisimama chini yake na sahani mkononi, wakisikiliza kama kocha angefukuzwa.

"Haya, tumeingia kwenye Makubwa ya Wiki," alisema Vinny Tarantelli, ambaye mji mzima ulimwita Nyundo. Kando yake alikaa Lyle, mchezaji wa zamani, ambaye kituo kilimlipa mshahara ili aseme "kweli kabisa".

Makubwa wiki ile hayakukosekana. Wasichana wa sekondari walikuwa wametwaa ubingwa wa jimbo wa kuogelea. Mzee mmoja wa Wesleyville alikuwa amevuka ziwa kwa miguu, juu ya maji, hadi Kanada, akanywa kahawa huko na kurudi. Wasichana walipewa sentensi moja. Mzee alipewa nusu, kwa kuwa kutembea si mchezo rasmi. Muda wote uliobaki, ambao ulikuwa asubuhi nzima, ulikwenda kwa Casimir Pruszynski, mrushaji mpira wa Wahunzi wa Erie, timu ya futiboli ya Kimarekani, ambaye jana yake, dakika ya mwisho, alimrushia mpira mtu wa timu pinzani.

"Laini," alisema Vinny. "Nimetafuta neno jingine usiku kucha, nimekosa. Kijana ni laini."

"Kweli kabisa," alisema Lyle.

Casimir alikuwa mezani kwa mama yake wakati huo huo, akila mayai. Alikuwa na nyumba yake nzuri inayotazama ziwa, lakini Jumatatu alikula kwa mama. Aliposimama kwenda kunawa, miguu ya suruali yake iliburuta sakafuni.

"Njoo hapa," alisema Bernadette.

Alifuta unga mikononi, akamsimamisha kwenye fremu ya mlango wa jiko. Pale Leonard alikuwa akimpima mwanawe kila Pasaka na kupiga mstari wa penseli, mpaka mwaka kijana alipomaliza sekondari. Kichwa cha Casimir kilikuwa chini ya mstari wa mwisho kwa upana wa vidole viwili.

"Umepungua," alisema mama yake.

"Nimeona. Pedali za gari zimekuwa mbali."

Bernadette alikuwa fundi cherehani, nusu ya magauni ya harusi ya upande ule yalipita mikononi mwake. Alichukua pini, akakunja pindo la suruali kwa ndani na kulishona. Hakukata kitambaa. Ukikata umeshakata, na yeye alikuwa na hakika kijana atarudia kimo chake.

Haikuchukua muda kujua mambo yanavyokwenda. Casimir alipoitwa laini hewani, alipungua. Alipoitwa legelege alipungua zaidi. "Mtoto wa mama" lilimshusha unene wa kitabu. Bernadette alijaribu kuizima redio siku moja, akaona jikoni kumekuwa kama kuna msiba, na kijana akapungua vilevile, maana kwa kinyozi ilikuwa inasema, kwa fundi magari inasema, na kwa daktari wa meno wagonjwa walikuwa wakiisikiliza huku wamefungua midomo. Basi akaiwasha tena. Ni afadhali kujua.

Timu ilifanya wajibu wake. Daktari alimpima Casimir na kuandika kuwa ni upungufu wa maji mwilini. Kocha aliwaambia waandishi kwamba kimo ni namba tu. Na kila Ijumaa klabu ilipotoa orodha ya majeruhi, kama sheria za ligi zinavyotaka, iliandikwa: Pruszynski, kimo, huenda akacheza. Akacheza. Mrushaji husimama nyuma ya majitu matano na kutazama juu ya mabega yao aone nani yuko wazi, na Casimir sasa alikuwa anaona migongo yao tu, kwa hiyo alirusha kwa kukisia. Akikosea, redio ilisema haoni mbele. Akipatia, ilisema ni bahati.

"Duane wa Millcreek, uko hewani."

"Vinny, Lyle, habari za asubuhi. Mimi msikilizaji wa siku nyingi, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga."

"Karibu, kaka. Toa la moyoni."

"Mimi nasema hivi. Huyu Pruszynski, juzi nimemwona kwenye benchi, miguu inaning'inia. Haifiki chini. Sasa mtu ananing'iniza miguu kama yuko kwa kinyozi, halafu wewe unampa timu?"

"Lyle, enzi zenu mlikuwa mnaning'iniza miguu?"

"Enzi zetu tulicheza na mbavu zimevunjika na hatukupungua hata kidogo," alisema Lyle, ambaye enzi zake zote alizimaliza kwenye benchi hilo hilo.

"Ni hilo tu, Vinny. Nakata simu, nikusikilize hewani."

Ndivyo inavyofanywa Erie. Mtu anataja jina na mtaa, anamsifu mtangazaji, anasema lake, kisha anakata simu mwenyewe na kurudi kwenye redio yake kusikiliza jibu. Kubaki kwenye laini baada ya hapo ni sawa na mgeni aliyeshiba na kukataa kuinuka. Leonard alipiga simu kwenye kituo kile tangu Vinny akiwa na nywele, na kila mara alikata kwa heshima. Alikufa bila kuwahi kumjibu Vinny hata jibu moja.

Bernadette naye aliamua kupiga. Jina lake asingeweza kulitaja, maana mama anayemtetea mwanawe redioni angempunguza hadi magoti, kwa hiyo alipomwambia binti wa mapokezi anaitwa nani, alisema Dorothy wa Harborcreek. Harborcreek hakuwahi kuishi. Alivuta waya wa simu ya ukutani hadi kwenye jiko ili asiunguze vitunguu.

"Dorothy wa Harborcreek, uko hewani."

"Habari za asubuhi, Vinny. Napenda sana kipindi chenu."

"Ubarikiwe, mama."

"Nilitaka kusema kwamba yule kijana hafanyi makusudi. Anaamka alfajiri, anafanya mazoezi kuliko wote. Mwaka juzi aliwashindia mkafurahi, mkapiga honi barabarani mpaka asubuhi. Sasa mnamsema kila siku, na kusemwa kunamuumiza. Naomba mumpe nafasi. Basi. Nakata simu, nikusikilize hewani."

Akakata. Alijisikia vizuri. Casimir, ambaye alikuwa mezani, aliongezeka unene wa ukucha. Wote wawili waliona.

"Mama mzuri huyo," alisema Vinny.

"Kweli kabisa."

"Mama mzuri sana. Na ndiyo shida ya mji huu, Lyle. Tuna kina Dorothy wengi mno. Huyu kijana amelelewa na kina Dorothy. Ukimgusa, Dorothy anapiga simu. Akianguka, Dorothy anampuliza. Unashangaa nini akiwa laini? Tutarudi baada ya matangazo."

Yakaja matangazo ya mafundi wa paa. Casimir, aliyekuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mkono mmoja, alikiweka mezani, kisha akakiinua tena kwa mikono miwili.

"Wana hoja, mama," alisema.

Hilo ndilo lililomchoma Bernadette kuliko yote. Kijana huyu alikulia chini ya redio ile. Akiwa mdogo alikuwa akikaa chini ya meza na mwiko wa kupikia mdomoni kama kipaza sauti, anaigiza Vinny, anamwita paka laini, anamwita padre legelege, na Leonard akicheka mpaka machozi. Sasa walikuwa wanamsema yeye, na bado sauti ile kwake ilikuwa sauti ya mtu anayejua mpira.

Dorothy alipiga tena wiki ile, na wiki iliyofuata. Alitaja pasi nzuri, alitaja mvua, alitaja goti la kushoto. Kila mara alikata kwa adabu, na kila mara Vinny alibaki peke yake hewani na maneno yake, akayageuza alivyotaka. Siku alizopiga Dorothy ndizo siku ambazo Casimir alipungua sana. Alishuka kwenye fremu ya mlango mstari kwa mstari: akapita Pasaka aliyovunjika mkono, akapita Pasaka ya komunyo ya kwanza, akapita ule mstari uliopinda kwa sababu alikuwa anacheka. Sikukuu ya Shukrani ilipofika, alikaa juu ya kitabu cha namba za simu, na kitabu kiliwekwa juu ya meza, kando ya bata mzinga.

Wanda, dadake Bernadette, mwanamke anayekaanga samaki wa kanisa kila Ijumaa na haogopi mtu, alimtazama mpwa wake akihangaika na punje ya mahindi.

"Bernie," alisema, "mbona unakata?"

"Nakata nini?"

"Simu. Unasema lako, unakata, halafu yule bwana anakumalizia. Usikate."

"Nisikate nifanyeje?"

"Ukae hapo. Umkalie kooni."

"Wanda, mimi nimelelewa."

"Haya. Na huyu tutamlea kwenye kikombe."

Casimir aliomba apitishiwe chumvi, akasaidiwa.

Jumatatu Bernadette alipiga simu. Alimpenda mwanawe, na alikuwa amebakiwa na kidogo sana cha kupenda. Alimweka kwenye mfuko wa aproni ili asiwe mbali.

"Dorothy wa Harborcreek, rafiki yetu. Uko hewani."

Alisema yote aliyosema siku zote, kisha akanyamaza. Vinny alisubiri. Lyle alisubiri. Mji mzima ulisubiri ile kauli ya kuagana, na haikuja.

"Dorothy," alisema Vinny, "umesahau kukata."

"Sijasahau."

Wanaokumbuka asubuhi ile wanasema fundi magari mmoja wa barabara ya kumi na mbili aliangusha spana. Kimya kilikaa hewani muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, na binti wa mapokezi, kwenye dirisha la studio, alikuwa akifanya ishara ya mkasi ili simu ikatwe.

"Naitwa Bernadette," alisema. "Mimi ni mama yake Casimir. Nataka unijibu nikiwa hapa."

Vinny Tarantelli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama naye, na alimpelekea maua. Sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu wa kawaida.

"Mama Pruszynski," alisema. "Heshima zote. Nilimfahamu Leonard, simu zake zilikuwa dhahabu. Sasa nisikilize, mama. Hakuna anayemchukia Caz. Sisi tunampenda. Haya ni maneno ya mpira tu."

"Nimemweka mfukoni, Vinny."

"Mfukoni?"

"Mfuko wa aproni. Yuko na leso."

Vinny alivuta pumzi. Aliposema tena, ilikuwa kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli.

"Mama, sasa si ndiyo hoja yangu tangu Septemba? Mrushaji wa ligi kubwa anakaa mfukoni kwa mama yake. Mimi nikisema naambiwa nina roho mbaya."

"Kweli kabisa," alisema Lyle kwa upole.

"Asante kwa kuwa mkweli, mama. Hii simu imenigusa. Kaa hapo hapo kwenye laini, binti atakupa tiketi mbili za kuosha gari."

Bernadette aliingiza mkono mfukoni. Mwanawe alikuwa na kimo cha kidole chake cha kati, jezi imemfunika kama shuka. Tiketi za kuosha gari zilifika kwa posta Alhamisi.

Wiki hiyo hiyo Wahunzi walimnunua mrushaji mpya, Royce Lindgren, kijana wa Nebraska mwenye mabega kama kabati, ambaye ilibidi ainame kwenye milango. Klabu ilimshukuru Casimir kwa mchango wake na kumtakia mema. Redio haikumtaja tena, na kwa kuwa haikumtaja, hakupungua. Lakini hakuongezeka pia. Bernadette alimtengenezea kitanda kwenye kopo la biskuti na kumshonea sweta kutokana na soksi. Mchana alipenda kukaa juu ya redio, kwa sababu ilikuwa na joto. Akining'iniza miguu yake mbele ya spika, alisikiliza kila kitu, na hakukuwa na jambo lililomwudhi mle ndani, ila kutotajwa.

Kisha Royce Lindgren alipoteza mechi.

"Mama," alisema Casimir Jumatatu hiyo, kwa sauti ambayo ilibidi umwinamie uisikie. "Nipigie simu."

"Nimpigie nani?"

"Redioni. Unibonyezee tu. Nitaongea mwenyewe."

Bernadette alifikiri anataka kujitetea, na moyo ulimruka kwa furaha. Alibonyeza namba, akalaza mkono wa simu mezani juu ya kitambaa, akamweka mwanawe kando ya matundu ya kusemea. Binti wa mapokezi aliuliza jina.

"Stan wa Wesleyville," alisema Casimir.

Wakasubiri pamoja, mama na mwana, wakipitia tangazo la mafundi wa paa.

"Stan wa Wesleyville, uko hewani. Ongeza sauti, mzee, unasikika kwa mbali."

"Vinny, Lyle. Msikilizaji wa siku nyingi, mara ya kwanza kupiga." Casimir alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni. "Nasema juu ya huyu Lindgren. Mkubwa, sawa. Lakini angalieni mguu wake wa nyuma. Akiona mtu anakuja, anauondoa kabla hajarusha. Anaogopa. Mimi namwona laini."

"Lyle," alisema Vinny, "umesikia hiyo ya mguu wa nyuma?"

"Nimesikia. Kweli kabisa."

"Stan, wewe uko wapi siku zote? Mtu anayejua mpira, hatimaye. Una moyo wewe, mzee. Una kifua."

"Nakata simu, nikusikilize hewani," alisema Casimir.

Bernadette alirudisha mkono wa simu ukutani, kwa kuwa Casimir asingeweza kuuinua. Alipogeuka, mwanawe alikuwa anaangalia mikono yake. Sweta la soksi lilikuwa limepasuka mabegani. Alikuwa na kimo cha chupa ya maziwa.

Bernadette alimchukua, akamsimamisha kwenye fremu ya mlango, akatafuta penseli na kupiga mstari mpya, chini kabisa, chini ya mistari yote ya Leonard. Alilia, na alikuwa anafurahi, na alijua vizuri sana ni kitu gani anachokifurahia. Kesho yake, saa ya kipindi, aliosha mikono na kubonyeza namba kabla hajaombwa.

Stan wa Wesleyville akawa mtu maarufu. Watu walisubiri simu yake kama wanavyosubiri hali ya hewa. Kwaresima ilipoanza, Casimir alikuwa anakaa kitini, na alikuwa ameshaupita ule mstari uliopinda.

Ijumaa moja kengele ya mlango ililia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti jepesi mno kwa theluji ya Erie, na mkononi alishika mfuko wa nailoni wenye suruali.

"Samahani, mama," alisema. "Mimi naitwa Ardis Lindgren. Mwanangu anachezea Wahunzi. Nimeambiwa wewe ndiye fundi unayejua suruali zao."

Bernadette alimkaribisha sebuleni, penye cherehani. Aliitandaza suruali mezani na kupima kwa vipimo ambavyo Ardis alikuwa ameviandika kwenye kiganja. Ilikuwa ya kupunguzwa sana.

"Daktari anasema ni maji," alisema Ardis.

"Ndiyo. Husema hivyo."

Mlango wa jiko ulikuwa umerudishwa nusu. Kutoka huko ilisikika redio, na pamoja na redio, kwa mbali kidogo, sauti ya mwanamume akiongea kwenye simu. Sauti zote mbili zilikuwa zinasema maneno yale yale, ya redio yakichelewa kidogo.

"Huyu Stan," alisema Ardis Lindgren, akitazama mikono yake. "Sijui mwanangu amemkosea nini."

Bernadette alikuwa ameshaweka pini mdomoni, kama mafundi wanavyofanya, kwa hiyo hakujibu.

"Naomba usikate kitambaa, mama," alisema Ardis. "Ukunje tu kwa ndani. Maana atarudi."

Bernadette alitikisa kichwa kukubali. Jikoni kauli ya kuagana ilisemwa, kisha ikasemwa tena redioni, na simu ikawekwa ukutani taratibu na mtu aliyekuwa sasa anaifikia mwenyewe. Bernadette alikunja pindo mara mbili, lile la vipimo vya leo na lingine juu yake, la wiki ijayo, akaanza kuchoma pini.